Msomaji Auliza: Je, Papa Potwe Ana Bondo?

SWALI: Ndugu Mhariri, nauza dagaa katika soko la Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza. Mpwa wangu anayefanya kazi Kilindoni, kisiwani Mafia, amenitumia video ya samaki mwenye madoa meupe, mrefu kuliko mtumbwi, aliyeachama kando ya nyavu huku wavuvi wakiendelea na kazi yao. Anasema anaitwa potwe. Huyo ni samaki au ni nyangumi? Ana bondo, kile kifuko cha hewa kinachomsaidia samaki kuelea, kama sangara? Na kwa nini tuambiwe asivuliwe hata mmoja, ilhali sisi huku tunatoa dagaa kwa tani kila giza la mwezi?
— Mama wa Mwaloni, Mwanza

JIBU: Mama, itazame tena video hiyo, safari hii uangalie mkia. Mkia wa potwe umesimama wima na hupiga kulia na kushoto, ilhali mkia wa nyangumi umelala na hupiga juu na chini. Potwe ni papa, anapumua kwa matamvua, na ndiye samaki mkubwa kuliko wote duniani: wapo waliofikia mita 18, ingawa wengi wa Mafia ni madume machanga ya mita 6 au 7 hivi. Chakula chake ni vijidudu vya baharini, uduvi, mayai ya samaki na dagaa, ambavyo huvichuja kutoka katika maji anayoyagugumia. Mara nyingi yeye na wavuvi huwa wanafuata windo lilelile, na ndiyo sababu mpwa wako alimkuta kando ya nyavu.

Swali la bondo ni la mtu anayejua bei. Hana, wala papa yeyote hana. Kinachomsaidia asizame ni mifupa laini ya gegedu pamoja na ini kubwa lililojaa mafuta. Mafuta ya ini la papa ndiyo yale ambayo watu wa pwani huyaita sifa na kuyapaka kwenye mbao za vyombo vyao.

Swali lako la tatu ndilo zito, na jibu lake limo katika biashara yako mwenyewe. Dagaa wa ziwa letu hukomaa na kutaga kabla hajatimiza miaka miwili, kwa hiyo aliyevuliwa leo huzibiwa pengo lake upesi. Potwe inakadiriwa huchukua miaka 25 hivi ndipo akomae, na yupo mmoja aliyekufa ambaye pete za ukuaji katika uti wake wa mgongo, zilipopimwa kwa kaboni iliyotokana na majaribio ya mabomu ya nyuklia, zilionyesha kwamba aliishi miaka 50. Jike mwenye mimba ni nadra mno kuonekana. Yule aliyevuliwa Taiwan mwaka 1995 alikutwa na watoto wapatao 300 tumboni, wa hatua mbalimbali za ukuaji, na hapo ndipo ilipothibitika kwamba mayai huanguliwa ndani ya mama. Kwa hiyo ukimvua mmoja umeondoa kazi ya robo karne. Idadi yao duniani imekadiriwa kupungua kwa zaidi ya nusu katika miaka 75, na mwaka 2016 wakawekwa katika kundi la viumbe walio hatarini kutoweka. Wamevuliwa kwa ajili ya nyama na mapezi, wamenaswa katika nyavu zilizotegewa samaki wengine, na kwa kuwa hula karibu na uso wa maji, meli kubwa huwagonga.

Mwambie mpwa wako kwamba madoa yale ni kama alama za vidole: hakuna potwe wawili wanaofanana. Akipiga picha ya ubavu wa kushoto, nyuma tu ya matamvua, bila kumgusa wala kumzibia njia, watafiti wanaweza kuilinganisha kwa programu iliyotokana na ile ya kutambua mpangilio wa nyota, wakajua kama samaki huyo amewahi kuonekana kabla.