Jibu: Muvi ya mzimu inayotisha bila makelele

Mkuu umeuliza kama kuna muvi ya mzimu inayotisha kweli bila kukushtua na makelele kila dakika, mi nakupa The Changeling ya 1980, ya Kanada, kaongoza Peter Medak. Inaniuma kwa kweli jinsi isivyotajwa, wakati The Shining ya mwaka huohuo iko midomoni mwa kila mtu.

George C. Scott anaigiza mtunzi wa muziki, kafiwa na mke na binti kwenye ajali, anahamia Seattle anapanga jumba la kizamani, kubwa balaa, anaishi humo peke yake na piano. Sasa kuna kimpira cha marehemu binti yake, siku hiyo kinashuka ngazi chenyewe, kinadunda taratibu mpaka miguuni kwake, mzee anakichukua anaendesha gari mpaka darajani anakitupa mtoni, anarudi, anafungua mlango, kimpira kinashuka tena ngazi na safari hii KIMELOWA. Hakuna damu wala sura mbaya, ni mpira tu na nywele zinasimama. Mi muvi za kutisha nilishazizoea, nikajua hii ya zamani itanipa usingizi, wapi!

Halafu kile kikao cha kuita mizimu, subiri tu jamaa akiisikiliza tena tepu aliyorekodi. Vaa hedifoni, sauti ndo kila kitu humo.

Angalia usije ukashusha ile Changeling ya Angelina Jolie ya 2008, hiyo ni stori nyingine kabisa.