Maswali ya Wasomaji: Msimu wa Mwisho Kabla ya Kupanda

Tulipoandika kuhusu timu zinazopanda daraja, barua zilikuja nyingi. Tumechagua tano. Tatu zinahusu Marekani, ambako mambo haya huendeshwa kwa utaratibu wa kipekee, kwa hiyo tutaanzia huko.

Naishi Columbus, Ohio, na majirani zetu wa Cincinnati wananichanganya. Mwaka 2018 waliongoza msimu wa kawaida wa USL, daraja la pili Marekani, kwa pointi 77. Mwaka uliofuata wakaingia MLS, ligi ya juu kabisa, wakamaliza wa mwisho na pointi 24. Wachezaji walisahau mpira?

Hapana. Tuutazame kwanza msimu wenyewe wa 2018, maana ulikuwa mkali kweli. FC Cincinnati ilicheza mechi 34: ilishinda 23, ikatoka sare 8, ikapoteza 3 tu. Ilifika mahali ikacheza mechi 23 mfululizo za ligi bila kupoteza. Emmanuel Ledesma alifunga mabao 16, akatoa pasi 16 za mabao na kutwaa tuzo ya Mchezaji Bora wa Ligi. Forrest Lasso akawa Beki Bora. Wastani wa mashabiki uwanjani Nippert ulizidi 25,000, idadi ambayo klabu kadhaa za MLS hazikuifikia.

Shida ipo katika namna ushindi huo ulivyopatikana. Timu inayotawala mpira kila wiki husogeza mabeki wake hadi karibu na mstari wa katikati. Nyuma yao hubaki eneo tupu la mita 40 hivi. Daraja la pili eneo hilo si hatari sana: kiungo wa mpinzani akibanwa, pasi yake ndefu inatoka nje au inaishia mikononi mwa kipa. Juu, kiungo yuleyule ukimwachia sekunde moja anainua kichwa na mpira unafika. Beki wa kati aliyeng'ara kwa kuruka vichwa na kukaba mtu mmoja mbele yake sasa anageuzwa akimbie kuelekea goli lake. Lasso alipanda na timu, lakini hakupata namba ya kudumu. Cincinnati ya 2019 ilifungwa mabao 75, rekodi mbaya ya ligi wakati huo. Aliyeishika kabla yake ni Orlando City, mabao 74 mwaka 2018, na kabla ya Orlando ni Minnesota United, 70 mwaka 2017, ambao ulikuwa msimu wao wa kwanza kabisa MLS.

Jambo la pili ni kalenda. MLS iliitangaza Cincinnati kuwa klabu yake mpya tarehe 29 Mei 2018, na mechi ya kwanza ya ligi mpya ilikuwa ugenini Seattle tarehe 2 Machi 2019 (walifungwa 4-1). Hiyo ni miezi tisa, na mitano ya mwanzo timu ilikuwa bado inapigania ubingwa wa USL. Portland Timbers na Vancouver Whitecaps zilitangazwa Machi 2009 ili zianze 2011. Seattle Sounders walitangazwa Novemba 2007 kuanza 2009, na Agosti 2008 tayari walishamsajili kipa Kasey Keller.

Kuna kosa la mpangilio ambalo sisi tunaliona kubwa kuliko la wachezaji. Meneja mkuu, Gerard Nijkamp, aliajiriwa Mei 2019, mwezi uleule kocha Alan Koch alipofukuzwa baada ya mechi 11 zenye ushindi mara mbili. Mtu wa kuchagua wachezaji akaja kikosi kimeshachaguliwa. Kikosi hicho kilikuwa na majina: Kendall Waston, Greg Garza, Leonardo Bertone, Allan Cruz. Fanendo Adi aliletwa kutoka Portland mapema, Julai 2018, akamalizia msimu wa USL. Wazo lilikuwa zuri, ila mwaka wa MLS wenyewe alicheza mechi chache tu. Mshambuliaji uliyemjengea mfumo mzima akikosekana, na wa pili wake ni wa daraja la chini, huna mabao.

Muda peke yake pia hautoshi. Vancouver walipata karibu miaka miwili na bado walimaliza wa mwisho kabisa 2011, pointi 28. Na ubingwa wa chini hautabiri kitu: Orlando City waliongoza USL Pro, ligi ya daraja la chini, mwaka 2014, wakatolewa mapema kwenye mtoano na Harrisburg, kisha wakapata pointi 44 MLS mwaka 2015. Montreal Impact walimaliza wa saba kati ya timu nane za NASL, nayo ligi ya daraja la chini, mwaka 2011, halafu wakapata pointi 42 walipoingia MLS 2012. Ukiwapanga kwa msimu wa mwisho wa chini, Cincinnati anakuwa wa kwanza na Montreal wa mwisho. Ukiwapanga kwa msimu wa kwanza wa juu, Cincinnati ndiye mkiani.

Mimi wa Mbeya. Huku timu mbili za juu za Championship, daraja la pili Tanzania, zinapanda moja kwa moja, ya tatu na ya nne zinakwenda mchujo. Huko Marekani bingwa anapandaje?

Hapandi. MLS haina kupanda wala kushuka. Ligi ndiyo humchagua mwenye klabu, mji na mpango wa uwanja, kisha inatoza ada. Cincinnati ililipa dola milioni 150, na suala la uwanja mpya ndilo lililoleta mvutano hadi baraza la mji lilipopitisha mchango wake Aprili 2018. Uwanja wenyewe, wenye viti 26,000, ulifunguliwa Mei 2021, hivyo misimu ya mwanzo wakaendelea Nippert, uwanja wa chuo kikuu.

Kinachowashtua wengi ni mikataba. Mchezaji wa MLS husaini na ligi, hasaini na klabu. Kwa hiyo mchezaji wa Cincinnati ya USL hakupanda na mkataba wake. Alihitaji mkataba mpya, na asiyepewa alitafuta pengine. Hebu fikiria chumba cha kubadilishia nguo mwezi Agosti, timu inaongoza ligi, na zaidi ya nusu ya wachezaji hawajui kama Januari watakuwa na kazi. Klabu yenye akili humwambia kila mmoja hali yake mapema, ana kwa ana, hata kama jibu ni hapana.

Kikosi cha juu hujazwa kwa njia kadhaa. Ile inayozungumzwa zaidi ni kuchagua wachezaji wa klabu nyingine: Desemba 2018 kila klabu ililinda wachezaji 11, na Cincinnati ikachukua watano miongoni mwa waliobaki, si zaidi ya mmoja kwa klabu. Usitegemee dhahabu hapo. Mmoja wao, Kei Kamara, hakuwahi hata kuvaa jezi. Alipelekwa Colorado papo hapo kwa kubadilishana na nafasi ya mchezaji wa kigeni. Kwa hesabu za MLS hilo lilikuwa jambo la busara, kwa sababu nafasi za wageni zina kikomo na huuzwa kama bidhaa nyingine yoyote.

Kocha aliyepandisha timu abaki au aondoke?

Inategemea amewahi kufanya kazi daraja la juu au la, na kama ana msaidizi aliyewahi. Koch alibaki Cincinnati na akaondoka ndani ya miezi miwili na siku chache za ligi. Adrian Heath alibaki Orlando, akadumu hadi Julai 2016. Seattle walifanya kitu cha tatu ambacho klabu za kwetu hazikifikirii kwa sababu ya heshima na maneno ya mtaani: walimwajiri Sigi Schmid, aliyekuwa ametoka tu kuchukua ubingwa wa MLS na Columbus Crew 2008, na kocha wao wa USL, Brian Schmetzer, akabaki kama msaidizi. Mwaka wa kwanza walitwaa Kombe la U.S. Open. Schmetzer alikabidhiwa timu 2016, na mwaka huohuo akachukua ubingwa wa MLS.

Niko kwenye uongozi wa klabu ya Championship Tanzania. Tunaongoza ligi, zimebaki mechi kumi. Tufanye nini sasa hivi, siyo Julai?

Anza na madeni. Kagua kesi zote za wachezaji na makocha wa zamani, za TFF (shirikisho la soka Tanzania) na za FIFA, na uandike kiasi na tarehe ya mwisho ya kila moja. Klabu hufungiwa kusajili kwa sababu ya madai ambayo kiongozi mpya hajui hata kuwa yapo. Mnakumbuka Agosti 2023: Kitayosce, baadaye Tabora United, ilipanda Ligi Kuu na kufika mechi ya kwanza dhidi ya Azam ikiwa na wachezaji wanane tu, usajili wa wengine haujakamilika. Wawili walipoumia, wakabaki sita, chini ya saba wanaoruhusiwa, mechi ikavunjwa matokeo yakiwa 4-0. Wachezaji walikuwepo mjini. Makaratasi ndiyo hayakuwepo.

Ukishamaliza hilo, gawa kikosi chako katika makundi matatu: wanaoweza kuanza juu, wanaoweza kukaa benchi juu, na wasioweza. Mpe kazi hiyo mtu ambaye hakuwasajili yeye, la sivyo wote watakuwa kundi la kwanza. Kwa maoni yetu, kikosi cha watu 25 kilichopanda kikitoa watano au sita wa kuanza, mna bahati. Tafuta kwanza kipa, mabeki wawili wa kati na kiungo mkabaji, kwa sababu hao ndio watakaofanya kazi muda mwingi. Washambuliaji wa kigeni wenye video nzuri waje baadaye. Ligi Kuu inaruhusu wageni 12. Haikulazimishi kuwa nao. Na kila mgeni anahitaji hati ya uhamisho wa kimataifa kupitia mfumo wa FIFA. Hati hiyo hukwama kwa jambo dogo kama klabu ya zamani kutojibu, au nyaraka kuingizwa siku ya mwisho ya dirisha. Ingiza wiki mbili kabla.

Mikataba ya sasa isomwe upya. Je, ina kipengele cha kupandishwa daraja, yaani mshahara mpya na nyongeza ya muda? Kama haina, mchezaji wako bora anaisha mkataba Juni na ataondoka bure, huku wewe ukishangilia kombe.

Halafu zile mechi kumi zenyewe. Mkishajihakikishia nafasi, zichezeni kama mazoezi ya mwakani. Chagueni mbili au tatu, mshushe mabeki mita 15 nyuma, mmwachie mpinzani mpira kwa makusudi, mshambulie kwa kushtukiza. Mashabiki watapiga kelele. Lakini timu ambayo haijacheza bila mpira mwaka mzima haiwezi kujifunza hilo Agosti ikiwa tayari inafungwa. Mechi za kirafiki za maandalizi nazo ziombwe kwa timu za Ligi Kuu, angalau nne, na mbili zichezwe ugenini.

Uwanja na leseni ya klabu msiviache kwa katibu peke yake. Ukaguzi ukikuta vyumba vya waamuzi, taa au uzio haviko sawa, mtahamishiwa mkoa mwingine, na gharama za basi na hoteli zitakula mshahara wa wachezaji wawili bila mtu kugundua zilikokwenda.

Mdogo wangu alikuja Marekani kama mkimbizi kutoka Kongo. Akisajiliwa MLS atahesabiwa mgeni?

Kwa klabu za Marekani, hapana. Kanuni za MLS zinamhesabu kuwa wa ndani raia, mwenye ukaazi wa kudumu, na pia mwenye hadhi ya ukimbizi au hifadhi. Kwa klabu inayopanda na kuhangaika na nafasi za wageni, hilo linampa thamani kuliko wengi wanavyodhani, kwa hiyo alitaje mapema katika majaribio. Awe na nakala za nyaraka zake za uhamiaji, cheti cha kuzaliwa au hati mbadala, na kumbukumbu ya kila timu aliyowahi kusajiliwa, hata ile ya kambini. Majina na tarehe ya kuzaliwa vilingane herufi kwa herufi katika nyaraka zote. Vikipishana, avirekebishe kabla hajatafutwa na klabu.