Mwalimu Mstaafu Anajibu: Maswali yako WhatsApp, sisi tuna kitochi

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Nalima viazi huku Umalila, Mbeya Vijijini. Binti yangu yuko kidato cha nne, shule ya kutwa. Mwalimu wa hesabu anatuma maswali na video kwenye kundi la WhatsApp la wazazi, nasi tuna kitochi tu. Binti huenda kwa jirani kuazima simu, anarudi giza limeingia. Sipendi. Niuze viazi vya mbegu ninunue simu janja?
Mama mkulima, Ilembo

JIBU: Marahaba, mama. Mbegu usiuze. Simu ukishainunua itakudai bando kila wiki, na video mbili tatu za hesabu zinalimaliza.

Nenda shuleni mwenyewe. Usimtume binti, maana watoto huona haya kusema kwao hakuna simu. Mwombe mwalimu kila anachotuma kwenye kundi akiandike na ubaoni, wanakili kabla ya kutawanyika. Si mtu mbaya. Akiona meseji zinamiminika kwenye kundi hudhani darasa zima limo humo.

Mwaka 2020 shule zilipofungwa Machi 17 kwa ajili ya korona, kidato cha sita walirudi Juni 1, wengine Juni 29. Miezi ile wenye simu nyumbani walisoma, wengi wa huku kwetu wakashika jembe. Angalau wakati ule milango ilikuwa imefungwa. Leo mwalimu na binti yako wanaonana kila asubuhi, halafu somo lipitie simu ya jirani? Hilo mimi silikubali.

Tena mitihani iliyopita ya NECTA, yaani Baraza la Mitihani, na vitabu vya TET, Taasisi ya Elimu Tanzania, vipo mtandaoni bure. Ukishuka Mbalizi, ingia steshenari yenye intaneti, waambie wakutolee mitihani ya hesabu ya kidato cha nne. Utalipia uchapaji tu. Mkichanga wazazi watatu hamtaumia. Wale vijana wanaorusha nyimbo kwenye memori kadi wanaweza pia kukurushia masomo ya sauti, kama kitochi chako kina sehemu ya kadi. Kwa historia inasaidia. Kwa hesabu, hapana, hesabu huonwa kwa macho.

Ukivuna na pesa ikabaki, basi nunua simu. Ila iwe yako, ikae nyumbani, kwani shuleni hawaruhusiwi kwenda nayo.