Kwa katibu mpya wa riadha wilayani, kutoka kwa aliyekutangulia Tabora

Mdogo wangu, hongera kwa kuchaguliwa. Nadhani walikupa ukatibu kwa sababu ndiye uliyekuwa na kalamu siku ya mkutano. Mimi niliupata hivyo hivyo.

Wiki ya kwanza tu wazazi watakuuliza: chama cha taifa kitamsaidia nini mtoto wetu? Usiwadanganye. Riadha Tanzania hawamlei mwanariadha. Wanamtambua, wanamteua, wanamwombea nafasi mashindano ya dunia. Yakija mambo ya Olimpiki au Jumuiya ya Madola, msafara unakuwa chini ya Kamati ya Olimpiki Tanzania. Baraza la Michezo la Taifa, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, ndilo linalosajili vyama na klabu na kuvisimamia. Ugali wa kila siku mara nyingi unatoka kwingine kabisa: Alphonce Simbu, bingwa wa dunia wa marathoni, ni askari wa JWTZ. Upo pia ufadhili wa Mshikamano wa Olimpiki, mfuko wa Kamati ya Olimpiki ya Kimataifa, unaopitia kamati ya taifa, lakini ni wa wachache, na huwapata wale ambao majina yao yameshafika mezani yakiwa na ushahidi.

Hapo kwenye ushahidi ndipo nilipoumia.

Nilikuwa na binti wa Sikonge, mita 400. Alikimbia pale Uwanja wa Ali Hassan Mwinyi jioni moja, jua likiwa limeshazama nyuma ya miembe, mimi nimesimama kwenye mstari na stopwachi moja ya kuazima. Sekunde 56.1. Nilifurahi mpaka nikamnunulia soda. Usiku ule nikaandika barua kwenda taifa. Jibu lilikuja fupi, na halikuwa la dharau: mashindano gani, waamuzi wa muda walikuwa wangapi, karatasi ya matokeo imesainiwa na nani? Sikuwa na hata kimoja. Niliyempima ni mimi, niliyeshangilia ni mimi.

Basi jifunze mapema. Muda wa mkono hupimwa na watu watatu. Wakitofautiana wote, unachukuliwa ule wa katikati. Tena kidole cha binadamu huchelewa kubonyeza bunduki inapolia, ndiyo maana ukitaka kuulinganisha na wa mashine unaongeza sekunde 0.24 kwa mita 100 na 200, na 0.14 kwa mita 400. Kwa viwango vya kufuzu vya dunia mbio fupi hazipokelewi kwa muda wa mkono hata kidogo. Ukiona ni ukali, kumbuka mashindano ya dunia ya Tokyo, Septemba 2025: Simbu na Mjerumani Amanal Petros waliandikiwa wote 2:09:48, na dhahabu ikaamuliwa kwa sekunde 0.03. Baada ya kilomita 42! Stopwachi yangu ya kuazima ingewapa sare.

Barabarani ni yale yale. Utakuja kuombwa ubariki "marathoni" ambayo kilomita zake zimepimwa kwa dashibodi ya bodaboda. Kimbieni, ni afya, lakini muda ule usiutume popote. Kozi inayotambuliwa hupimwa kwa baiskeli iliyofungwa kifaa cha kuhesabu mizunguko ya gurudumu, na mpimaji anayejulikana. Kufuzu Olimpiki ya Paris 2024 moja kwa moja kwa wanaume kulitaka 2:08:10. Hakuna mtu anayegawa nafasi kama hiyo kwa kuamini bodaboda ya Urambo.

Majina nayo. Yule binti wa Sikonge hatimaye alikimbia mbele ya waamuzi kamili, akaitwa kambini. Kumbe kwenye fomu yetu ya usajili nilimwandika Magreth, cheti cha kuzaliwa kinasema Margareth, kitambulisho cha taifa kina jina la babu badala ya la baba. Pasi ya kusafiria ikakwama, wenzake wakaondoka. Alinisindikiza stendi siku ile bila neno, akanibebea na begi. Sasa simwandiki mtoto mpaka nimekishika cheti mkononi, nikinakili herufi moja moja kama mwanafunzi wa darasa la kwanza.

Kuhusu dawa zilizokatazwa michezoni utapewa semina, na watakutajia vitu vikubwa vikubwa. Mimi nakutajia dripu. Huku kwetu mtu akichoka anakwenda kutundikiwa chupa "apate nguvu". Kwa mwanariadha, zaidi ya mililita 100 kwa mshipa ndani ya saa 12 ni kosa, isipokuwa kwenye matibabu halali ya hospitali. Sindano ya goti yenye kotikosteroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, ni marufuku kipindi cha mashindano. Hata baadhi ya vidonge vya mafua vina pseudoefedrini, ambayo ikizidi kiwango siku ya mbio inamponza. Akiumwa, atibiwe, hakuna mbio inayozidi uhai; ila amwambie daktari yeye ni nani, na cheti cha matibabu kibaki kwako.

Akipanda zaidi akaingizwa kwenye orodha ya wanaopimwa wakati wowote, kazi yako haiishi, inabadilika. Kila siku ya mwaka atatakiwa awe ametaja dakika 60 na mahali atakapopatikana. Akikosea au kukosekana mara tatu ndani ya miezi 12, ni kesi ya dawa hata kama hakukutwa nazo. Sasa mfikirie kijana wa Kaliua ambaye mjomba anampigia asubuhi: njoo tuvune tumbaku. Anapanda gari, mtandao unakatika njiani, na taarifa bado inasema yuko kambini.

Ninaye mmoja wa hivyo. Kila Jumapili jioni nampigia: "Wiki hii unalala wapi?" Mke wangu mwanzoni alidhani nina mambo. Sasa nikisahau, yeye ndiye anayenikumbusha.