Kabla hujaomba kazi ya kushtaki walaghai wa bima ya afya

Wadogo zangu wanasheria walioko Marekani huniuliza swali lilelile: nisome nini ili niwe wakili wa serikali kwenye kesi za ulaghai wa huduma za afya? Nikiwaambia waanze kwa kukaa mapokezi ya kliniki, wananiona nawatania.

Sheria zenyewe si nyingi. Ulaghai wa huduma za afya ulipewa kifungu chake cha jinai mwaka 1996: hadi miaka 10 jela, hadi 20 kama mgonjwa ameumizwa vibaya, na hata maisha kama amekufa. Ipo inayokataza mlungula, yaani kumlipa mtu ili akuletee wagonjwa wenye bima ya serikali. Upande wa madai, yaani kesi zisizo za jinai, ipo ile ya mwaka 1863, ya enzi za Lincoln, iliyotungwa kwa ajili ya wafanyabiashara waliokuwa wakilitapeli jeshi wakati wa vita. Hiyo inamtoza mdanganyifu mara tatu ya hasara, na faini juu ya kila dai moja moja. Wiki mbili za kusoma kwa bidii zinakutosha. Kliniki inavyoendeshwa Jumanne asubuhi, hilo hulikuti kwenye kitabu, na ndilo lililonitoa jasho.

Nikiwa bado mgeni kazini nilipewa faili la mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Mchambuzi wetu alikuwa amejumlisha muda wote ambao yule bwana aliidai Medicare, bima ya afya ya serikali hasa kwa wazee, kwa siku moja. Mazoezi ya aina ile hudaiwa kwa vipande vya dakika 15, kwa hiyo hesabu ni rahisi. Zikatoka saa 31. Siku ina saa 24, na hapo hatujatoa muda wa kula na kulala! Nikaona kesi imeshaiva. Usiku huohuo nikaandika rasimu ya mashtaka, na siku ya kukutana na upande wa utetezi nikaingia kifua mbele.

Wakili wao alikuwa mama mtu mzima, mpole, wa maneno machache. Aliniacha nikaongea nikamaliza, kisha akauliza: "Wakili, kliniki ile ina wasaidizi wangapi?"

Sikujua. Walikuwa watano. Na utaratibu wa malipo unaruhusu kazi ya msaidizi idaiwe kwa namba ya mtaalamu anayemsimamia. Watu sita, kila mmoja akifanya kazi kama saa tano hivi, namba moja. Saa 31 zangu zikayeyuka palepale mezani. Nilitoka kwenye kile chumba masikio yanawaka.

Mkuu wangu hakunigombeza. Aliniambia tu niwatafute watu waliokuwa wakikaa mapokezi. Nikampata dada mmoja aliyekuwa ameacha kazi pale, nikakaa naye jikoni kwake pamoja na mpelelezi wetu, akatueleza siku yao tangu mlango unapofunguliwa: nani anapokea simu, nani anampa mgonjwa karatasi ya mahudhurio asaini, nani anaingiza namba za huduma kwenye kompyuta, na saa ngapi. Nikamwonyesha karatasi za mgonjwa mmoja, za miezi mitatu. Hakuzisoma. Alizitazama tu, akasema, "Angalia wino." Sahihi zote zilikuwa za kalamu moja, bluu ileile, zimelala upande mmoja, na ile ya mwisho imeanza kufifia. Wagonjwa walikuwa wakisainishwa rundo zima kwa mkupuo, tena kwa siku ambazo hawakufika.

Halafu, tukiwa tunaaga, akakumbuka theluji. Majira fulani ya baridi dhoruba iliwafungia siku mbili. Bosi aliwatumia wote ujumbe kwamba hakuna kazi, wabaki nyumbani, na dada yule alikuwa bado nao kwenye simu. Tukarudi kwenye madai ya siku zile mbili. Wagonjwa 43. Yule bwana alikiri kosa kabla kesi haijafika kwa wazee wa baraza.

Nimelisimulia kwa urefu kwa sababu kazi yote imo humo. Kuthibitisha kwamba dai halikuwa sahihi ni rahisi mno. Kanuni za malipo ni msitu, na daktari mwaminifu hukosea kila wiki. Ziara ya kawaida ya mgonjwa hupangwa kwa daraja, na madaktari wawili waadilifu wanaweza kubishana mpaka jioni kama ile ilikuwa ya daraja la tatu au la nne. Ukijenga kesi yako hapo, utetezi utaleta mtaalamu mwenye mvi atakayeeleza taratibu jinsi kanuni inavyochanganya, na wale raia 12 watakaoamua watatikisa vichwa wakimwonea huruma. Tafuta theluji. Tafuta siku ambayo hakuna mtu duniani anayeweza kusema "nilichanganya namba": mgonjwa alikuwa amelazwa hospitali nyingine, au ameshazikwa, au daktari mwenyewe alikuwa kwenye ndege.

Hata kwenye kesi za madai, ambako mzigo wa ushahidi ni mwepesi kuliko wa jinai, huponi. Mwaka 2016, katika kesi ya Escobar, Mahakama ya Juu ilisema kwamba kama serikali ilijua kanuni imevunjwa na bado ikalipa, huo ni ushahidi mzito kuwa uvunjaji ule haukuwa na maana kwake. Kwa hiyo kabla hujamuuliza daktari chochote, waulize watu wa malipo upande wako walijua nini na lini. Mimi nimeshaumbuka mara moja kwa barua iliyokuwa kwenye kabati letu wenyewe. Mwaka 2023 mahakama hiyohiyo ikatupunguzia mzigo kidogo: kinachotazamwa ni mdaiwa aliamini nini wakati anapeleka dai, siyo tafsiri nzuri ambayo wakili wake ameibuni baadaye. Ndiyo maana tunasoma barua pepe mpaka macho yanavimba.

Wapigie wagonjwa simu wewe mwenyewe, usimwachie mpelelezi peke yake. Bibi mmoja nilimuuliza kuhusu kiti cha magurudumu chenye mota ambacho serikali ilikuwa imekilipia kwa jina lake. Akacheka. "Mwanangu, mimi kanisani naenda kwa miguu." Ila usitegemee wote watakuwa upande wako. Wagonjwa wanawapenda madaktari wao, na wengine watakuja mahakamani kumtetea yuleyule aliyewatumia. Na yapo mambo mazito kuliko fedha. Farid Fata, daktari wa saratani huko Michigan, aliwapa dawa kali za saratani watu ambao hawakuwa na ugonjwa huo. Mwaka 2015 alihukumiwa miaka 45. Ukikutana na faili la namna hiyo, fedha iweke pembeni kwanza, hakikisha anayetibiwa leo asubuhi anaondolewa mikononi mwa mtu huyo.

Watoa taarifa nao wana mambo yao. Sheria ya 1863 inawaruhusu kufungua kesi kwa niaba ya serikali, kwa siri, na tukijiunga wanapata asilimia 15 hadi 25 ya kitakachorudishwa. Vijana wengi huwadharau kwa sababu ya hizo fedha. Mimi sioni ubaya: mtu amepoteza ajira, ana watoto, kwa nini asilipwe? Lakini swali langu la kwanza kwao ni hili: wewe mwenyewe ulisaini madai mangapi? Jibu lije mezani kwangu mapema, lisisubiri kutolewa na utetezi.

Mshahara? Wenzako watakaokwenda kampuni binafsi watakuacha mbali. Tuendelee.

Kuna faili moja nililifunga bila mashtaka baada ya miaka miwili. Daktari alikuwa amekosea, tena sana, lakini kila nilipochimba nikakuta mkanganyiko, kusudi sikuliona. Utaratibu haukunilazimisha kumwambia mtu kitu. Nikampigia wakili wake hata hivyo. Alinyamaza kidogo, hakunishukuru wala hakunilaumu, akauliza tu kama mteja wake anaweza kurudishiwa mafaili ya wagonjwa tuliyoyachukua. Yalikuwa maboksi 60 kwenye ghala letu. Yaliondoka Alhamisi.