Panorama yako ikikatika, anza kuangalia tripodi

Kwa muda mrefu nilikuwa nailaumu programu. Nimepiga picha 7 safi kabisa, nikija kuziunga kwenye kompyuta ziwe panorama, yaani picha moja pana, milima ya nyuma iko poa ila nguzo ya uzio iliyo karibu imekatika katikati, kipande cha juu huku cha chini kule. Nikabadilisha programu, mambo yale yale. Kumbe kosa nililifanya nikiwa bado kule kule kwenye tripodi.

Iko hivi, ukiizungusha kamera juu ya skrubu yake lenzi haibaki palepale, inahama kidogo kwenda pembeni, na ikihama tu kitu cha karibu nacho kinahama mbele ya kitu cha mbali. Fumba jicho moja, nyoosha kidole mbele ya uso afu geuza kichwa taratibu, utaona kidole kinavyotembea ukutani. Sasa programu italinganishaje picha mbili ambazo nguzo haiko sehemu moja?

Dawa ni reli ya kuteleza inayokaa kati ya tripodi na kamera, unairudisha kamera nyuma mpaka lenzi ndo ikae juu ya mhimili wa kuzunguka. Mi nasimamisha fimbo mbili, moja mita 1 hivi kutoka kwenye kamera, nyingine mbali, nazipanga ya mbele iifiche ya nyuma, afu nazungusha kamera zifike ukingo wa kushoto, halafu wa kulia. Ya nyuma ikichungulia nasogeza reli kidogo narudia tena. Zikigoma kuachana hapo ndo penyewe, nabandika utepe kama alama. Lenzi ya zumu (ya kuvuta karibu) kila urefu wa fokasi, kama 24mm au 50mm, una alama yake. Kama mbele yako hakuna kitu cha karibu kabisa, wala usihangaike na reli.

Mengine ni mepesi ila usiyaruke: sawazisha miguu ya tripodi, sio kichwa tu, la sivyo upeo wa macho utapinda, mwanga, fokasi na rangi vyote weka manyuo (viweke mwenyewe, kamera isivibadilishe), na filta ya polaraiza (ile ya kukata mng'ao) itoe maana anga litatoka na mabaka. Kamera isimamishe wima. Lenzi ya 50mm kwenye kamera ya fremu kamili (sensa ya 36 kwa 24mm) hapo inaona nyuzi kama 27, nageuza 18 kila hatua ili theluthi ipishane. Kuunga natumia programu ya Hugin, ni ya bure.

Na kabla ya picha ya kwanza na baada ya ya mwisho piga picha ya mkono wako, jioni ukiwa na mafaili 200 yanayofanana utajua kila panorama imeanzia wapi.