Kichaa cha usafi wa gari kiishie kwenye klia

"Kaka shikamoo. Nina Crown nyeusi, haina muda mrefu tangu itoke bandarini. Ikikaa juani boneti lote linaonyesha mikwaruzo ya duaraduara. Fundi anasema niwe nampelekea kila mwezi aipige mashine, itang'aa daima. Nasikia wewe ni mgonjwa wa kusafisha magari, naomba ushauri."

Marahaba, mdogo wangu. Hilo jina la mgonjwa nimelizoea, wala hukulianzisha wewe. Lilianza kwa jirani yangu. Jumapili watu wakipita kwenda kanisani wananikuta nimeingiza kichwa chini ya dashibodi, wakirudi wananikuta palepale, mguu mmoja ndani, mwingine nje. Basi jirani huyo husimama getini na kupaza sauti mtaa mzima usikie: "Mgonjwa anaendeleaje leo?" Watu wanacheka. Na mimi nilikuwa nacheka nao, ila nisiseme uongo, iliniuma na bado inaniuma.

Maana ni kweli navuka mpaka. Matundu ya kiyoyozi nayapitishia brashi ya kupakia rangi, ile laini, huku mkono wa pili umeshika bomba la kifyonza vumbi. Pembeni mwa vitufe vya redio natumia pamba za masikio. Mishono ya viti, mswaki. Bawaba za milango nazifuta grisi yote nyeusi iliyoshika mchanga, kisha napaka mpya. Maji ya kisima cha kwetu ni ya chumvi, yakikaukia kwenye rangi yanaacha madoa meupe, kwa hiyo nakinga mvua kwenye simtanki kwa ajili ya kusuuzia gari tu. Nyumbani wamekatazwa kuyagusa hata kwa kuchemshia chai.

Mwezi uliopita nimeuza IST yangu. Mnunuzi alikuja na fundi wake, mzee mkimya, wale wasiosikiliza maneno ya muuzaji. Rangi hakuiangalia. Alifungua mlango wa nyuma, akapitisha kidole kwenye bawaba, akakitazama. Akanyanyua zulia la buti, akatoa tairi la spea, akamulika pale chini kwa tochi ya simu. Akarudi mbele, akauvuta mkanda wa dereva mpaka mwisho, akaunusa. Halafu akamgeukia mteja wake: "Mlipe mwenzio." Nilipunguza hela ya mafuta tu, tena kwa heshima ya yule mzee. Jirani alikuwa ameegemea ukuta anatazama yote. Juzi kanifuata polepole, anataka nimwangalizie Noah yake inanuka uvundo. Nimemwambia mgonjwa kalazwa.

Sasa Crown yako. Huyo fundi wa kila mwezi anakupeleka kubaya.

Juu ya rangi ya gari kuna klia, ule utando usio na rangi unaotoa mng'ao na kuikinga rangi na jua. Rangi yote ya kiwandani, kuanzia praima, ile rangi ya kwanza ya chini, hadi klia, kwa kawaida ni kati ya mikroni 100 na 150; mikroni elfu moja ndiyo milimita moja. Klia peke yake huwa 40 au 50 hivi. Karatasi ya kawaida ya A4 ina karibu mikroni 100, kwa hiyo ulinzi wako wote dhidi ya jua la Dar ni nusu ya unene wa karatasi. Na mashine ya kung'arishia haizibi mkwaruzo. Inaikata klia iliyouzunguka mpaka ilingane na kina cha mkwaruzo wenyewe. Kila ukipiga kompaundi, ile dawa ya kusagia rangi, umepunguza kitu kisichorudi. Yale magari unayoyaona barabarani paa limebanduka magamba meupe, mara nyingi ni klia iliyoliwa na jua, na mwenye mashine akiwa amelisaidia jua.

Hili nalisema kwa uchungu. Mark II yangu ya kwanza, nyeusi kama yako, niliwaachia watu waliojiita wataalamu. Siwataji. Kijana wao aliegemeza mashine kwenye mkunjo wa fenda, na kwenye kingo ndiko klia iliko nyembamba na joto linakojikusanya haraka. Akaichoma mpaka praima ya kijivu ikatokea. Hakusema. Alichukua dawa ya viatu nyeusi, akapaka pale, akang'arisha, akanikabidhi funguo huku anatabasamu. Nikalipa, nikamwongezea na ya soda! Mvua ya kwanza ikatiririsha weusi hadi kwenye tairi.

Kwa hiyo vijana, nisikilizeni. Ukichaa ni ruhusa, tena nawahimiza, lakini upelekeni kwenye kuzuia mikwaruzo. Hizo duara za boneti hazikuja zenyewe. Mlinzi wa ofisini anapolifuta gari kwa dasta kavu ili apate buku, anasugua mchanga juu ya klia. Kule kwenye kuosha, sponji lililotoka kwenye rimu za daladala linaingia kwenye ndoo ileile, linakuja kwenye mlango wako. Limedondoka chini, limeokotwa, kazi inaendelea. Wewe umekaa kwenye kiti cha plastiki unachezea simu. Amka!

Mimi namwagia gari lote kwanza, vumbi lilainike na kushuka lenyewe. Ndoo mbili: moja ya shampuu ya magari, nyingine ya maji matupu ya kusuuzia glavu ya kuoshea kabla haijarudi kwenye shampuu. Rimu zina ndoo yake na brashi yake. Naanzia paani kushuka, kivulini, kisha nalaza taulo kubwa juu ya maji na kulivuta taratibu bila kukandamiza. Sabuni ya unga isikaribie kabisa, inang'oa waksi yote. Kinyesi cha kunguru, na Dar kunguru wametuzidi idadi, usikikwangue kikiwa kikavu: weka kitambaa chenye maji juu yake, subiri kilainike, ndipo ukiinue. Usisubiri kesho, kwenye bati la moto kinaila klia.

Kuna mahali pengine nasisitiza kuliko rangi. Chini ya waipa, kwenye ule mfuniko wa plastiki, majani ya mwarobaini yanajazana na kuziba njia ya maji. Mvua ikinyesha maji yanatafuta njia nyingine na kuishia chini ya zulia la abiria. Chini ya kila mlango nako kuna vitundu vidogo vya kutolea maji, navizibua kwa kijiti cha mshikaki. Ule uvundo wa Noah ya jirani naweza kukuambia unatoka wapi bila hata kufungua mlango, ila sijamwambia.

Injini usiipige mashine ya presha. Maji yakiingia kwenye visima vya plagi, koili zinashindwa kazi na gari linamisi mpaka taa ya cheki injini iwake. Brashi na kitambaa kibichi vinatosha, injini ikiwa imepoa. Wanaotia dizeli ing'ae wanakuozeshea raba na kukuvutia vumbi, achana nao. Na ukitaka kung'oa viti kama mimi, toa kwanza waya hasi wa betri, usubiri dakika kadhaa kabla ya kugusa soketi za njano zilizo chini ya viti. Hizo ni za mifuko ya hewa.

Wewe wa Crown: soma kibati cha gari palipoandikwa C/TR, ndipo penye namba ya rangi. Ukikuta 202, hiyo ni nyeusi ya Toyota inayojulikana kwa kukwaruzika haraka, ongeza upole mara mbili. Mtafute fundi mwenye kipima unene wa rangi, apime boneti sehemu mbalimbali, afunike kingo kwa tepu, ajaribu kwanza kipande kidogo kwa pedi laini na polishi nyepesi. Apige mara hiyo moja, apake waksi, basi. Mikwaruzo itakayobaki iache ibaki. Huyo wa kila mwezi muulize kipima chake kiko wapi. Akianza kukueleza kuwa yeye anapima kwa kidole, omba funguo.